Kamera Ilivyofika Mnadani: Video na Biashara Ndogo Mbulu na Hanang

Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, mwanariadha kutoka Mbulu aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni ya Olimpiki. Jua lilikuwa limezama na watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. John Stephen Akhwari, aliyeanguka njiani na kuumia goti na bega, alizunguka uwanja taratibu akavuka mstari akiwa wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Kamera zilimnasa. Mtengenezaji filamu wa Marekani, Bud Greenspan, alikieneza kipande kile, na kikawa miongoni mwa picha zinazorudiwa zaidi katika historia ya michezo hiyo.

Nyumbani kwake haikuonekana. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mwaka ule, na haikuwa nacho hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Mbulu ilipata habari ya mwanawe kwa redio, kwa gazeti na kwa mdomo. Kwa robo karne nzima, mtu wa Mbulu aliyejulikana zaidi duniani kwa picha inayotembea alitazamwa na walimwengu wengine kabla ya majirani zake.

Hali hiyo ndiyo ufunguo wa historia ya video katika wilaya hizi mbili. Swali la msingi halikuwa kama watu wa huku wanapenda picha; wanazipenda, na wamezifuata kila zilikoonyeshwa. Swali lilikuwa nani anashika kamera, nani anasema juu ya picha, na nani anapata faida. Leo muuza kitunguu swaumu wa Bashay, mwenye mashine ya kukamua alizeti Katesh na kijana anayeongoza wageni kupanda mlima Hanang wote wanaambiwa kwamba biashara isiyo na video mtandaoni haina kesho. Ushauri huo unatolewa kana kwamba hapakuwahi kuwa na jana, ilhali jana ipo, tena ndefu.

Kwanza mahali penyewe. Hanang ilikuwa sehemu ya Mbulu hadi 1969, na wilaya zote mbili zilikuwa chini ya Arusha kabla ya Mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002. Ni nchi ya miinuko, mashamba ya mahindi, ngano, maharage, mbaazi na alizeti, na malisho yanayoshuka hadi ziwa Balangida chini ya mlima wenye urefu wa mita 3,417. Wairaqw ni wengi upande wa Mbulu, Wadatoga wako Hanang tangu zamani, na pembezoni wapo Wanyaturu, Wanyiramba na Wahadzabe. Lugha zao hazina undugu wa karibu: moja ni ya Kikushi, nyingine ya Kinailoti, nyingine za Kibantu, na ya Wahadzabe inasimama peke yake. Sehemu chache za Afrika zimekusanya tofauti kubwa namna hiyo katika eneo dogo namna hii. Anayetaka kuuza kitu hapa amelazimika siku zote kukionyesha, kwa sababu maneno pekee hayafiki kwa kila mteja.

Na mahali pa kuonyeshea ni mnada.

Mnada wa Katesh, kama ule wa Haydom au Dongobesh, una tarehe zake, na anayeishi huku anazijua kama anavyojua siku za ibada. Ng'ombe, mbuzi na punda hufika kwa miguu. Mnunuzi haanzi kwa kuuliza bei. Hutazama kwanza mnyama akitembea, kwa kuwa mwendo husema kama mguu ni mzima. Kisha humfungua mdomo ahesabu meno ajue umri. Humpapasa mbavu na nundu. Humrudisha nyuma hatua chache atazame tena. Mwenye mali husimama kando na fimbo yake, na dalali huingia katikati akipandisha na kushusha. Upande wa pili wa uwanja machinga wametandaza mitumba, sufuria, shuka na viatu vya matairi, spika zikiita wateja. Muuza kisu hukata karatasi hewani. Muuza tochi huiwasha mchana kweupe. Anayeuza dawa ya kupe ananyunyizia palepale.

Hiyo yote ni kazi ambayo mtaalamu wa matangazo leo huita video ya bidhaa: kitu kinaonyeshwa kikifanya kazi yake, mbele ya macho, bila kukatwa, na muuzaji yupo kujibu. Mnada una hata kinga dhidi ya udanganyifu. Ukiuza ng'ombe mwenye kasoro iliyofichwa, tarehe ijayo ya mnada utaonana na aliyemnunua, na ndugu zake watakuwepo. Picha yoyote iliyokuja baadaye katika wilaya hizi ilikuja kwa watu waliokwisha kuzoea kipimo hicho.

Serikali ya kikoloni haikulijua hilo, au haikujali. Mwaka 1935 ulianza mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Waliouendesha walikuwa Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, na Latham, ofisa wa elimu. Kwa takribani miaka miwili walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori lenye projekta na jenereta katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe. Ilichezwa kwa santuri, ili maelezo yabadilishwe kufuata lugha ya mahali. Mada zilikuwa mbegu bora, magonjwa ya mifugo, malaria ya watoto, na kuweka akiba katika benki ya posta. Mradi ule ulikuwa wa mafunzo, lakini filamu ya benki ya posta ni tangazo la biashara kwa kila kipimo: inamwonyesha mtu anayetunza fedha zake vibaya, kisha inamwonyesha dirisha la kuzipeleka.

Baada ya vita kuu ya pili kazi kama hiyo iliendelea kwa magari ya sinema ya serikali. Kitengo cha Filamu cha Kikoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kiliamini kwamba mtazamaji wa kijijini Afrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo filamu zake zilikwenda polepole, kitu kimoja kwa wakati, na msimulizi akisimama kando ya pazia na kipaza sauti. Imani hiyo ilikuwa dharau tupu. Wajukuu wa watazamaji wale wanapitisha klipu za sekunde 15 kwenye TikTok bila kupepesa. Lakini ndani ya mfumo ule palikuwa na mtu mmoja muhimu ambaye historia imempa nafasi ndogo mno: msimulizi. Yeye ndiye aliyejua kwamba picha ya ng'ombe wa Kenya haimwambii kitu mfugaji wa Hanang mpaka aambiwe kwa lugha yake ni ugonjwa gani na dawa inapatikana wapi. Tutamkuta tena.

Wakati huohuo wageni wengine walikuja kupiga picha za nchi hii kwa ajili ya kuuza kwao. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza filamu juu ya Serengeti iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar. Howard Hawks alimleta John Wayne Tanganyika kupiga Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, wakifukuza wanyama katika nyika za kaskazini. Filamu hizo ziliwavuta watalii kwa miaka mingi, na biashara iliyozaliwa nazo ilikaa Arusha, Nairobi na Ulaya. Mbulu na Hanang, zilizo kusini kidogo tu ya njia ya watalii, hazikuonekana kwenye fremu, na kwa sababu hiyo hazikuonekana kwenye vitabu vya hoteli pia. Anayedhani picha ni pambo la biashara atazame ramani ya utalii wa kaskazini: barabara ya wageni ilifuata mahali kamera zilikopita.

Uhuru ulileta kamera za taifa. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 na Taasisi ya Sauti na Picha mwaka 1974. Filamu zao zilizungumzia vijiji vya ujamaa, kilimo na afya. Mfanyabiashara mdogo hakuwa mhusika wala mteja wao. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya upungufu iliyofuata vita vya Kagera, duka lenye sukari na sabuni halikuhitaji tangazo lolote. Lilihitaji mtu wa kupanga foleni. Hii ndiyo sababu wilaya nyingi za bara zilipita kizazi kizima bila utamaduni wa kutangaza bidhaa kwa picha. Sababu ilikuwa uchumi, wala haikuwa uzembe wa wenye maduka.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Pamoja na nguo na vipuri vikaja televisheni, deki na mikanda ya video. Miji midogo isiyo na ukumbi wa sinema, na Mbulu na Katesh zilikuwa miongoni mwake, ikapata vibanda: chumba cha mabanzi au matofali, mabenchi, jenereta nyuma ya ukuta, na karatasi mlangoni inayotaja filamu ya jioni. Zilichezwa filamu za ngumi za Hong Kong, za Kihindi, za vita za Marekani, na baadaye za Nigeria. Tangu mwaka 2003, filamu ya Girlfriend ilipotoka, za Kibongo zikachukua nafasi ya hizo.

Ndani ya vibanda hivyo msimulizi alirudi. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alirekodi sauti yake juu ya filamu za kigeni, akieleza kisa kwa Kiswahili, akiongeza vichekesho, akiwapa wahusika majina ya mitaani. Mikanda yake ilisafiri hadi mahali ambapo televisheni haikushika. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya Lufufu kama walivyolipa kwa ajili ya filamu yenyewe, na hilo lilithibitisha kwamba sauti ya nyumbani inaipa picha ya mbali thamani mpya sokoni.

Lakini biashara ya video iliyokuwa ya wilaya hizi kwa dhati, iliyowaweka wenyeji pande zote mbili za kamera, ilikuwa ya harusi. Mwenye studio ya picha mjini, aliyezoea kupiga picha za pasipoti na za wanafunzi waliomaliza shule, alinunua kamera ya VHS ya kubeba begani. Alikwenda nayo kwenye kipaimara, sendoff, harusi, jubilei ya padri, uzinduzi wa kwaya. Msaidizi alishika taa kali yenye waya mrefu. Baada ya wiki kadhaa familia ilipata mkanda, na miaka ya baadaye diski ya DVD, yenye majina ya maharusi yakizunguka juu ya maua. Mkanda wa saa tatu ulitazamwa wote, hotuba kwa hotuba, zawadi kwa zawadi, kwa kuwa kila shangazi alitaka kuhakikisha kwamba kitenge alichotoa kimeonekana.

Wachambuzi wa sinema hupita haraka hapo, nao wanakosea. Mpiga video wa harusi ndiye mfanyabiashara wa kwanza wa huku kuishi kwa kuwauzia majirani picha zao wenyewe zinazotembea. Alijifunza kuhariri kwenye kompyuta ya mkono wa pili. Alijifunza kwamba mteja hulipa nusu kabla na nusu baada, na kwamba umeme ukikatika katikati ya ibada hakuna atakayekubali hadithi ya jenereta. Mafundi wengi wanaotengeneza matangazo ya maduka leo katika miji midogo ya Tanzania wametoka katika ufundi huo, au wamefundishwa na waliotoka humo.

Ukoo mwingine ni wa memori kadi. Simu zenye uwezo wa kucheza video zilipoenea, duka la stationari likawa kituo cha kusambazia: unatoa kadi yako, kijana anakujazia nyimbo za injili, vichekesho na klipu za ngoma, unalipa kwa idadi. Nyimbo za Kiiraqw na Kidatoga, ambazo hazikupata muda kwenye televisheni za Dar es Salaam, zilitembea hivyo kutoka mkono hadi mkono muda mrefu kabla hazijafika YouTube. Mtandao ulikuwepo, ila ulikuwa wa mifuko na mabasi.

Intaneti yenyewe ilikuja kwa hatua. Kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuvutwa kuelekea mikoani, barabara ya lami kutoka Singida kupitia Katesh hadi Babati na Minjingu ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mwaka 2015 Halotel ikaingia nchini ikijenga minara hadi vijijini. Kabla ya hapo tovuti zilizohusu eneo hili zilikuwa chache na karibu zote zilimwangalia mgeni. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, ilikuwa na marafiki na wafadhili wa kuwapa habari. Kampuni ndogo ya utalii ya Kahembe, yenye makao Babati, iliuza safari za kupanda Hanang na kutembelea vijiji. Tovuti za namna hiyo zilikuwa na maandishi ya Kiingereza na picha za mgando: mlima, mwanamke mwenye vazi la ngozi, ng'ombe.

Video haikuwemo kwa sababu za kiufundi zilizokuwa za kweli kabisa. Katika miaka ya 1990 kuweka picha inayotembea kwenye ukurasa kulihitaji programu kama RealPlayer na seva ya gharama. YouTube ilipoanza mwaka 2005 iliondoa mzigo wa seva, lakini haikuondoa mzigo wa mtazamaji. Hesabu yake ni rahisi. Video inayotumia megabiti moja kwa sekunde, ambayo ni picha ya wastani kwenye simu, hula megabaiti 7.5 kwa dakika. Ikipigwa kwa ubora wa juu kwa megabiti tano, dakika hiyohiyo ni megabaiti 37.5. Mteja wa Dongobesh mwenye bando dogo la siku huhisi tofauti hiyo mara moja, hata kama hajawahi kusikia neno megabiti. Tovuti inayoanza kucheza video yenyewe, bila kuombwa, inamlia mteja fedha kabla hajaona bei.

Kwa hiyo wafanyabiashara wadogo wa Mbulu na Hanang, kama wenzao wa nchi nzima, waliiruka tovuti. Waliingia moja kwa moja WhatsApp, Facebook, Instagram, kisha TikTok. Stetasi ya WhatsApp inayofutika baada ya saa 24 ikawa dirisha la duka. Inafaa kwa muuza mitumba aliyefungua mzigo asubuhi. Inafaa kwa mama mwenye kuku 30 wa kienyeji. Haimfai anayeuza kwa msimu na anayehitaji kupatikana na mtu asiye na namba yake. Hapo tatizo la sasa linaanza.

Chukua kitunguu swaumu. Mbulu inajulikana kwa zao hilo, na wanunuzi hutoka Arusha, Dar es Salaam na nje ya mipaka. Mzozo mkubwa wa biashara hiyo, kama ilivyo kwa mazao mengi ya vijijini, ni vipimo. Lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake, imepigwa vita kwa sheria ya vipimo inayotaka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekuwa akiifukuza kwa miaka. Mnunuzi naye ana malalamiko yake: kitunguu kibovu hujificha katikati ya gunia. Video ya dakika moja yenye mambo matatu ingepunguza ubishi wa pande zote: gunia linamwagwa chini lote, linarudishwa, linapandishwa kwenye mizani namba ikionekana. Hakuna muziki wala maua yanayozunguka. Ni mnada uleule, umewekwa mahali ambapo mtu wa Kariakoo anaweza kusimama.

Mfano wa nguvu ya video isiyohaririwa upo palepale Mbulu. Katika chumba cha kujifungulia cha hospitali ya Haydom, watafiti wa Tanzania na Norway walifunga kamera juu ya meza za kuwahudumia watoto wachanga wanaoshindwa kupumua. Wataalamu wa Stavanger, Norway, walizitumia picha hizo kuifundisha kompyuta kutambua ni wakati gani mkono umeshika barakoa ya hewa, ni wakati gani mtoto anasuguliwa mgongo, kwa sekunde ngapi. Faida ya picha zile ilitokana na kutopambwa: saa ilionekana, mikono ilionekana, mapungufu yalionekana. Kuuza vitunguu si kuokoa maisha, lakini anayenunua bila kugusa ana haja ileile ya kuona kazi kama ilivyofanyika.

Tabia iliyoenea kwenye mitandao inakwenda kinyume na hilo. Muuzaji anaweka klipu nzuri, wimbo unaovuma, kisha anaandika kwamba bei ni kwa ujumbe wa faragha. Anadhani anavuta wateja. Kwa kweli anawachosha. Mnadani dalali akitaja bei kila mtu anasikia, na ubishi wa wazi ndio unaojenga imani. Video ya biashara ndogo inayoficha bei imetupa kando sehemu bora ya urithi wake.

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaikumba Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom miongoni mwao. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Picha za kwanza zilizoonyesha nchi kilichotokea zilipigwa kwa simu na wakazi wenyewe, wengine wakiwa juu ya mapaa, wengine wakitafuta ndugu. Pengine kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya hizi, tukio kubwa lilionekana na dunia kwa macho ya waliokuwamo ndani yake. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi Dubai, na siku chache baadaye alikuwa Katesh.

Maafa yale yalileta pia swali la kibiashara ambalo ni zito kwa kaya zinazoishi kwa mlima. Njia ya kawaida ya kupanda Hanang huanzia Jorodom. Mgeni aliyetaka kuja baadaye alihitaji kujua njia ikoje, daraja lipi lipo, wapi pa kulala. Picha ya mgando ya miaka kumi nyuma, mlima ukiwa wa kijani chini ya anga safi, haikuweza kumjibu. Klipu fupi yenye tarehe, kiongozi akitembea na kusema anachokiona, ingeweza. Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa New York Aprili 2022 Rais akimtembeza mwandishi wa habari za utalii wa Marekani, Peter Greenberg, iliitangaza nchi nzima kwa kiwango ambacho kiongozi wa wageni wa Jorodom hawezi kukifikia; lakini filamu kubwa haitengenezwi upya kila mvua ikinyesha. Kazi hiyo ya kila msimu inabaki mikononi mwake.

Je, klipu yake aiweke wapi? Jukwaa la kuazima ni rahisi na limejaa watu, ila lina mwenyewe. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa nchini. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni walipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni, wengi wakafunga au wakanyamaza, kabla ya kanuni hizo kurekebishwa mwaka 2020 na tena 2022. Akaunti nazo huibiwa au kufungwa, na wateja wa miaka mitano hupotea pamoja nazo. Tovuti ndogo, yenye kurasa tatu, haiondoi hatari zote, lakini inampa muuzaji anuani isiyohama: bei, mahali, namba ya simu, na video mbili tatu ambazo mteja huzibonyeza akitaka.

Kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2023, laini za intaneti nchini zilikuwa zaidi ya milioni 30, huku simu janja zikiwa bado kwa takribani theluthi ya watu. Maana yake kwa Mbulu na Hanang ni kwamba video nyingi zitatazamwa kwa simu ya mtu mwingine: kijana anamwonyesha baba yake, mjukuu anamwonyesha bibi, dalali anaonyesha kundi chini ya mti. Utazamaji wa pamoja wa gari la sinema na wa kibanda haujafa. Umehamia kwenye kioo kidogo. Ndiyo maana sauti ina uzito kuliko ubora wa picha, na ndiyo maana video moja inastahili kusemwa mara mbili, kwa Kiswahili kwa ajili ya mnunuzi wa mbali na kwa Kiiraqw au Kidatoga kwa ajili ya mzalishaji aliyeko kijijini. Picha ni ileile, kinachobadilika ni santuri, kama walivyojua watu wa Vugiri mwaka 1935. Tofauti ni kwamba safari hii msimulizi hatumwi na mtu. Ndiye mwenye mali.

Kazi ya kutengeneza video hizo imeshaanza kuwapata mafundi wake, walewale wa stationari na studio za harusi, na inahitaji utaratibu ambao ufundi wa zamani haukuwa nao. Mikanda mingi ya VHS ya miaka ya 1990 imeoza makabatini kwa joto na ukungu, na hakuna nakala. Jina la tovuti linaloishia na .co.tz mara nyingi huandikishwa kwa jina la kijana aliyetengeneza, nywila zikiwa kichwani mwake. Akihamia Dodoma, duka linapoteza mlango. Mwenye biashara aandikishe jina hilo kwa jina lake, alipie kila mwaka yeye mwenyewe, na faili halisi za video, zile kabla ya kubanwa, zibaki kwake kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.